Uchambuzi wa kisa: Noah iliyorudi nyuma, IST iliyobonyea ubavuni, na dai la bima lililokataliwa Arusha

Kisa hiki ni cha kweli. Majina ya watu, jina la jengo, namba za magari na kampuni ya bima vimeondolewa, na tarehe zimegeuzwa kuwa siku ya 1, ya 2 na kuendelea. Kimeandikwa kwa ajili ya madereva, mawakala wa bima na wenye magari wanaodhani ajali ya maegesho ni jambo la kumalizana palepale. Hasara yenyewe haikufika milioni moja. Hata hivyo ilichukua zaidi ya miezi miwili kulipwa, na karibu kila wiki iliyopotea ilitokana na jambo lililofanywa, au lisilofanywa, ndani ya siku kumi za mwanzo.

Usuli

Mdai ni mama mfanyabiashara wa Arusha mwenye Toyota IST ya rangi ya fedha. Gari lilikuwa na bima ndogo, ile inayolipa hasara unayomsababishia mtu mwingine. Ukigongwa, bima ndogo yako haitengenezi gari lako, kwa hiyo njia yake pekee ya kulipwa ilikuwa kumdai aliyemgonga, na kupitia kwake kampuni ya bima ya aliyemgonga.

Upande wa pili kulikuwa na Toyota Noah nyeupe, mali ya mtu mwenye biashara ndogo ya usafirishaji, ikiendeshwa na kijana aliyeajiriwa. Noah ilikuwa na bima kubwa, ile inayolipa hasara ya mtu mwingine na ya gari lenyewe.

Kuna jambo la kisheria ambalo wengi hawalijui. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimisha mwenye gari kuwa na kinga dhidi ya kifo na majeraha ya mtu wa tatu. Fidia ya mali iliyoharibiwa, kama bodi ya gari, inatokana na masharti ya mkataba wa bima wa yule aliyegonga. Ndiyo maana mdai wa mali hulazimika kuishi na masharti ya mkataba ambao hakuusaini na hajawahi kuuona.

Siku ya ajali

Ilikuwa Ijumaa, saa 10 na dakika 20 jioni, mvua ikinyesha, katika maegesho ya jengo la maduka. Maegesho hayo yana safu mbili za magari zinazotazamana na njia moja katikati. Noah ilikuwa safu ya kushoto, pua ikielekea ukutani, pembeni yake nguzo nene ya zege. IST ilikuwa inapita njia ya katikati ikitafuta nafasi. Noah ikarudi nyuma, na bampa lake la nyuma likaingia kwenye ubavu wa kushoto wa IST, kati ya mlango wa nyuma na fenda ya nyuma.

Dereva wa Noah alishuka na neno la kwanza lilikuwa, "Dada yangu samahani sana, nguzo imenificha." Mlinzi alifika, magari mengine yakaanza kupiga honi, na ndani ya dakika chache magari yote mawili yalikuwa yamesogezwa. Mdai alikuwa amepiga picha tatu za simu, zote za karibu, zote za bati lililobonyea. Hakuna iliyoonyesha magari yote mawili kwa pamoja. Nguzo haionekani popote, wala bampa la Noah.

Trafiki hakuitwa. Mlinzi alishauri wamalizane, na kijana akaandika kwa mkono kwenye karatasi ya daftari: "Nimegonga gari lililokuwa linapita wakati natoka kwenye paking. Nakubali kosa, nitalipa gharama zote." Akasaini, akaweka namba ya simu na namba ya leseni. Karatasi hii itarudi mara mbili katika kisa hiki, mara ya kwanza kwa hasara na mara ya pili kwa faida.

Siku kumi za mwanzo

Siku ya 2 mdai alipeleka gari kwa fundi bodi wa mtaani anayemwamini. Fundi aliandika makadirio ya Sh 930,000: kunyoosha mlango 90,000, kunyoosha fenda 120,000, rangi ya paneli mbili 300,000, kitasa cha nje 45,000, ukanda wa plastiki wa pembeni 25,000, halafu bampa la nyuma pamoja na rangi yake 350,000. Bampa lilikuwa na mkwaruzo mrefu kwenye kona ya kushoto, na fundi aliona ni vyema kubadilisha kabisa "kwa kuwa bima ndiyo inalipa."

Siku ya 4, Jumatatu, mwenye Noah alisema hatoi fedha mfukoni, waende bima. Mdai aliingiza namba ya usajili wa Noah kwenye mfumo wa TIRAMIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, ambao mtu yeyote anaweza kuutumia kwa simu, akapata jina la kampuni ya bima, aina ya kinga na tarehe za kuanza na kuisha. Hatua hii ilifanyika vizuri. Stika au karatasi inayoonyeshwa na dereva haitoshi. Thibitisha kwenye mfumo, piga picha ya skrini, na hakikisha tarehe ya ajali iko ndani ya kipindi cha kinga.

Siku hiyohiyo alikwenda polisi. Askari wa zamu alianza kwa kusema ni eneo la watu binafsi na magari yameshaondoka. Hata hivyo taarifa ilipokelewa, maelezo ya pande zote yakaandikwa siku mbili baadaye, na mkaguzi wa magari wa polisi akaiona IST. Katika maelezo yake mdai alisema, "Nilikuwa nimesimama, nikapiga honi." Dereva wa Noah hakushitakiwa.

Siku ya 5 aliomba kwa mdomo picha za kamera kwenye ofisi ya maegesho. Akaambiwa alete barua. Aliileta siku ya 9. Mashine ya kurekodi ya jengo hilo huhifadhi siku 7, kisha huandika juu ya zilizopita, kwa hiyo picha za Ijumaa ile zilikuwa zimefutika.

Dai linakataliwa

Siku ya 13 dai liliwasilishwa: barua, makadirio ya Sh 930,000, na Sh 140,000 za usafiri kwa siku 7 ambazo gari lingekuwa gereji. Jumla Sh 1,070,000. Siku ya 16 kampuni ilijibu kwamba mteja wake hajatoa taarifa ya ajali, na bila fomu ya mteja wake haiwezi kufungua faili.

Kwa wanaodai kama mtu wa tatu, hapa ndipo pagumu. Kampuni ya bima haina mkataba nawe, mkataba wake ni na mwenye gari. Mwenye gari asipotoa taarifa, dai lako linakaa mezani bila mwenyewe. Mwenye Noah alichelewa kwa makusudi kwa sababu mbili. Aliogopa kupoteza punguzo analopewa asiyekuwa na madai anapohuisha bima, na alikuwa amesoma sharti la mkataba wake linalomkataza kukiri kosa au kutoa ahadi ya malipo bila idhini ya kampuni. Karatasi ya kijana ilikuwa imeshafanya vyote viwili.

Fomu yake ilifika siku ya 22 ikiwa na hadithi mpya: IST nayo ilikuwa inarudi nyuma kutoka safu ya pili, na magari yamegongana yote yakiwa kwenye rivasi.

Mkadiria hasara, ambaye mitaani wengi humwita asesa, aliiona IST siku ya 27. Siku ya 35 barua ya kukataa ilikuja na sababu tatu. Kwanza, taarifa ya polisi imechelewa na haionyeshi mwenye kosa. Pili, kukiri kwa dereva kumefanywa kinyume cha mkataba. Tatu, na hii ndiyo iliyokuwa nzito, uharibifu wa bampa haulingani na ajali iliyoelezwa, na mkwaruzo wa nyuma unaunga mkono maelezo kwamba IST ilikuwa inarudi nyuma. Baada ya simu kadhaa kampuni ilitoa Sh 290,000, nusu ya gharama bila bampa, ikisema inafanya hivyo bila kukubali wajibu wowote.

Maamuzi yaliyobadilisha dai

Mdai alikataa Sh 290,000 na kumkabidhi faili mtu mwenye uzoefu wa madai. Gari lilikuwa bado halijatengenezwa. Hiyo ilikuwa bahati kubwa kuliko zote, kwa sababu ushahidi pekee uliobaki ulikuwa kwenye bati.

Uamuzi wa kwanza: kulipima bati upya. Siku ya 44 IST na Noah zililetwa pamoja kwa makubaliano, zikaegeshwa kwenye sakafu tambarare, matairi yakiwa na upepo wa kawaida na magari hayana mizigo. Futi ya kupimia ilisimamishwa wima pembeni ya kila alama na picha zikapigwa: moja ya mbali inayoonyesha gari zima na namba, moja ya kati, moja ya karibu. Alama ya ubavuni kwa IST ilikuwa kati ya sentimita 52 na 60 kutoka chini, na ukingo wa bampa la nyuma la Noah ulilingana na urefu huo. Kwenye bati la IST kulikuwa na rangi nyeupe iliyohamia. Kwenye bampa la Noah kulikuwa na alama ya rangi ya fedha.

Bampa la nyuma la IST lilisema jambo jingine kabisa. Mkwaruzo wake ulikuwa sentimita 30 hadi 36 kutoka chini, rangi ya kijivu ya zege, bila chembe ya nyeupe. Bampa la Noah halifiki chini kiasi hicho. Ulikuwa mkwaruzo wa zamani wa ukingo wa zege, na mdai alipoulizwa kwa utulivu alikumbuka alivyoupata.

Uamuzi wa pili: kuliondoa bampa kwenye dai, kwa barua, kabla ya kuombwa. Barua ilieleza vipimo, ikasema alama hiyo ni ya kabla ya ajali na haidaiwi. Wapo waliomshauri mdai aliache kama silaha ya kupatania bei. Ulikuwa ushauri mbaya. Hoja nzima ya kampuni kwamba IST ilikuwa kwenye rivasi ilisimama juu ya bampa hilo. Lilipotoka kwenye dai, likaondoka na hoja yao.

Uamuzi wa tatu: kusoma mwelekeo wa mkwaruzo. Hii ndiyo sehemu yenye manufaa kuliko zote kwa anayeshughulikia ajali za maegesho, kwa hiyo inastahili kuelezwa polepole.

Mkwaruzo wa ubavuni ulikuwa na urefu wa sentimita 31. Ulianzia kwenye mlango wa nyuma, chini ya kitasa, ukavuka mwanya kati ya mlango na fenda, ukaishia karibu na tundu la tairi. Kitu kinachoteleza juu ya bati kikifika kwenye mwanya, kinaukosa ukingo wa paneli kinayoiacha na kuupiga ukingo wa paneli kinayoiingia. Ukingo unaopigwa ndio unaobanduka rangi. Kwenye IST, ukingo wa nyuma wa mlango ulikuwa mzima. Ukingo wa mbele wa fenda ulikuwa umebanduka rangi hadi kwenye koti la chini. Maana yake bampa la Noah lilipita juu ya IST kutoka mbele kwenda nyuma, na hilo hutokea tu kama IST inaenda mbele. Kama IST ingekuwa kwenye rivasi, ukingo uliobanduka ungekuwa wa mlango. Rangi nyeupe nayo ilikuwa imerundikana mwisho wa mkwaruzo, upande wa tairi, na hiyo ilikubaliana na mwelekeo huohuo.

Bati hilohilo lilimgusa pia mdai. Gari lililosimama kabisa likipigwa ubavuni hubonyea mahali pamoja, na mkwaruzo wake wa kwenda pembeni huwa mfupi. Sentimita 31 zinaonyesha gari lililokuwa likitembea, taratibu lakini likitembea. Maelezo yake polisi kwamba alikuwa amesimama hayakuwa sahihi.

Uamuzi wa nne ukafuata hapo: kuyasahihisha maelezo. Mdai aliandika maelezo ya nyongeza kwamba aliona taa za rivasi, akapiga honi na kuanza kukanyaga breki, na gari lilikuwa bado halijasimama lilipogongwa. Hakuwa mwongo. Mtu aliyegongwa hukumbuka breki na honi, na kichwani mwake kukanyaga breki kunakuwa kusimama. Lakini mkadiria hasara akiligundua kosa hilo mwenyewe, hatamwamini tena mdai kwenye jambo lolote.

Uamuzi wa tano: kuitumia karatasi ya kijana kwa namna nyingine. Barua mpya ya mdai kwa kampuni haikuitaja kama kukiri kosa. Ilinukuu maneno "gari lililokuwa linapita," yaliyoandikwa na dereva wa Noah mwenyewe dakika chache baada ya ajali, kabla mtu yeyote hajafikiria bima. Sharti la kutokiri kosa ni jambo kati ya kampuni na mteja wake. Alichokiona dereva kwa macho yake bado ni ushahidi. Mlinzi aliandika maelezo mafupi yaliyosema vilevile, na daftari la getini lilionyesha IST iliingia saa 10 na dakika 16, dakika nne kabla ya ajali. Gari lililoingia dakika nne kabla lina uwezekano mdogo wa kuwa limeshaegeshwa na kuanza kutoka.

Uamuzi wa sita: makadirio mapya. Fundi wa kwanza hakuwa na mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti za kodi, na kampuni ilikuwa na haki ya kuyatilia shaka makadirio yasiyo na risiti nyuma yake. Gereji iliyosajiliwa ilitoa ankara kifani (proforma): kunyoosha mlango 110,000, kunyoosha fenda 150,000, rangi paneli mbili kwa 180,000 kila moja, kitasa 60,000, ukanda wa pembeni 40,000. Jumla Sh 720,000, pamoja na VAT ya asilimia 18, yaani 129,600, ikawa Sh 849,600. Ni ghali kuliko kwa fundi wa mtaani ukiondoa bampa, lakini kila shilingi ilikuwa na maelezo. Kwenye madai ya bima, bei ya juu yenye risiti hulipwa kwa urahisi kuliko bei ya chini isiyo na risiti.

Barua ya siku ya 47 ilibeba haya yote katika kurasa mbili na picha tisa. Mwishoni iliomba jambo moja: ama kampuni ikague upya, ama itoe uamuzi wa mwisho kwa maandishi wenye sababu, ili mdai aweze kulalamika kwenye ofisi ya kanda ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima iliyopo Arusha na kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Haikutisha mtu, haikutukana.

Matokeo

Mkadiria hasara alirudi siku ya 53, safari hii akiwa na picha za mwanya mkononi, akakubali mwelekeo wa mkwaruzo. Gari likaruhusiwa kutengenezwa, likatoka gereji baada ya siku 5. Siku ya 61 kampuni ilikubali kulipa asilimia 85. Asilimia 15 ilikatwa kwa hoja kwamba mdai aliziona taa za rivasi mapema na angeweza kusimama. Usafiri ulikubaliwa kwa risiti zilizokuwepo tu, Sh 60,000, badala ya 140,000 za kukisia.

Hesabu ikawa hivi: 849,600 na 60,000 ni 909,600, na asilimia 85 yake ni Sh 773,160. Fedha ziliingia siku ya 74. Zilichelewa kwa siku chache kwa sababu kadi ya gari ilikuwa na jina la mume na akaunti ilikuwa ya mke. Barua ya idhini yenye saini ya mume ilimaliza tatizo, lakini ingeweza kuambatishwa tangu siku ya 13.

Mdai alibeba Sh 136,440. Kuigombania asilimia 15 kungewezekana, kwa kuwa anayerudi nyuma ndiye mwenye jukumu kubwa la kuhakikisha njia ni salama. Lakini mdai alikuwa amekiri kwamba aliziona taa, na gharama ya miezi mingine ya kusubiri haikustahili. Kukubali kulikuwa sahihi.

Uchambuzi

Kilichozamisha dai la kwanza hakikuwa kuchelewa polisi, ingawa ndiyo sababu iliyoandikwa juu kabisa ya barua. Lilikuwa bampa. Sh 350,000 za uharibifu wa zamani zilifanya Sh 580,000 za halali zionekane za kughushi. Mafundi wengi huongeza sehemu kwa nia ya kumsaidia mteja. Mwenye gari apitie orodha ya fundi mstari kwa mstari akiwa amesimama pembeni ya gari, akiuliza kila mstari: alama hii ina rangi ya gari lililonigonga? Iko kwenye urefu unaolingana? Isiyojibu ndiyo kwa yote mawili itoke kwenye dai.

Karatasi ya eneo la ajali ni jambo zuri lililoandikwa vibaya. Neno "nakubali kosa" halimsaidii mdai sana na linamwumiza aliyeandika, maana linamfanya mwenye gari aogope bima yake mwenyewe na kuanza kujificha. Yaandikwe yaliyotokea. Maandishi yanayotosha ni kama haya: "Leo saa 10:20 jioni, kwenye maegesho ya (jengo), gari (namba) likiwa linarudi nyuma kutoka safu ya kushoto limegusana na gari (namba) lililokuwa likipita njia ya katikati kwa mwendo mdogo. Limeguswa mlango wa nyuma kushoto na fenda." Kisha majina, namba za leseni, namba za simu, saini za pande zote mbili na ya shahidi mmoja. Hakuna hatia humo, na hakuna kampuni ya bima itakayolalamika. Neno la kulinda kuliko yote ni lile linalosema kila gari lilikuwa linafanya nini.

Picha zinachukua dakika mbili, na honi za watu zinaweza kusubiri dakika mbili. Kabla ya kusogeza gari: picha mbili za mbali kutoka pembe tofauti zikionyesha magari yote, nguzo na mistari ya maegesho, picha ya matairi ya mbele ya magari yote, kwa sababu yanaonyesha kila mmoja alikuwa anakata wapi, picha ya bampa lililogonga, siyo la aliyegongwa peke yake, kisha za karibu. Mdai wetu alikuwa na zile za mwisho tu.

Kuhusu kamera, ombi la mdomo halina uzito. Andika barua siku hiyohiyo, hata kwa mkono, ukitaja tarehe, saa ya kuanzia na ya kuishia, na eneo la kamera, ukiomba picha zihifadhiwe. Uongozi unaweza kukataa kukupa wewe, na mara nyingi utataka barua ya polisi. Hilo si tatizo. Kuomba zihifadhiwe na kuomba upewe ni maombi mawili, na la kwanza ndilo la haraka. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Kutoa taarifa polisi kulikuwa na thamani ambayo mdai aliipata nusu. Kampuni za bima huomba fomu za polisi, zile ambazo orodha zao huzitaja kama PF 90, PF 93 na PF 115, pamoja na mchoro wa eneo, na kwa madai ya mtu wa tatu mara nyingi huomba pia nakala ya hukumu au ya faini. Pasipo shitaka, kampuni hupata nafasi ya kusema hakuna aliyepatikana na kosa. Dai halifi kwa sababu hiyo, kama kisa hiki kinavyoonyesha, ila mzigo wote unahamia kwenye bati, na bati huenda likawa limeshanyooshwa. Kanuni kali kwa anayedai: usitengeneze gari kabla mkadiria hasara wa kampuni hajaliona na kuliruhusu kwa maandishi. Kama huwezi kusubiri kwa sababu gari ndiyo riziki, ipe kampuni barua yenye muda wa siku chache wa kuja kulikagua, piga picha zote zenye vipimo, na hifadhi spea zilizotolewa.

Mwenye Noah alishughulikiwa vibaya kwa wiki tatu. Mdai alimpigia simu za hasira, naye akawa adui. Njia iliyofanya kazi baadaye ilikuwa kumweleza maslahi yake: asipotoa taarifa kwa kampuni yake, anaweza kuikosa kinga aliyoilipia na kulibeba dai mwenyewe, na kwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, mdai wa madhara ana miaka 3 ya kufungua shauri. Mzee yule alipoelewa kwamba taarifa inamlinda yeye, alikubali hata kuileta Noah ikapimwe.

Mwisho ni hati ya kumaliza dai, ile ambayo mdai husaini akikubali malipo kuwa kamili na ya mwisho. Ikishasainiwa, kasoro itakayojitokeza baadaye ni ya kwako. Kabla ya kusaini, gereji ilifungua kava la ndani la mlango, ikapandisha na kushusha kioo mara kadhaa, ikajaribu kitasa na kufuli, ikakagua kama mpira wa mlango unaziba maji kwa kumwagia ndoo ya maji pembeni. Fenda ya nyuma ilikaguliwa kwa ndani kupitia buti, mahali ambapo puti na rangi mpya haziwezi kuficha mkunjo. Vyote vilikuwa salama na mdai akasaini. Kama gari lingekuwa bado halijatengenezwa siku hiyo, ushauri ungekuwa kusaini tu baada ya kuongeza mstari unaosema uharibifu uliojificha utakaoonekana wakati wa matengenezo haumo kwenye malipo haya, na kutokusaini kabisa kama kampuni ingekataa mstari huo.